Anza na Kiti: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Warsha ya Ngoma za Asili kwa Wazee wa Kila Uwezo

Neno ngoma katika Kiswahili hubeba mambo matatu kwa pamoja: chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa, na mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza. Anayetaka kuandaa warsha ya ngoma za asili kwa wazee afadhali ayashike yote matatu tangu mwanzo, kwa sababu kosa linaloharibu warsha nyingi ni kudhani kwamba ngoma ni miguu. Mwezeshaji mwenye dhana hiyo hutunga somo la watu wanaosimama, kisha siku ya warsha hukuta wazee wanne walioketi, naye huwaambia wapige makofi. Wazee hao huelewa mara moja kwamba wamefanywa watazamaji, na wiki inayofuata hawarudi.

Mwongozo huu unafuata utaratibu ulio kinyume. Somo hutungwa kwanza kwa ajili ya mtu aliyeketi, likiwa kamili, lenye mwanzo na mwisho, na ndipo huongezewa yale yanayowezekana kwa aliyesimama. Kwa mpangilio huo, mzee mwenye nguvu hapungukiwi na kitu, na mzee anayetumia kiti cha magurudumu hachezi makombo ya ngoma ya wengine.

Faida inayoweza kuahidiwa

Kabla ya kutangaza warsha, ni vyema kujua kinachoweza kusemwa bila kutia chumvi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kwamba siku 3 au zaidi za kila wiki ziwe na mazoezi ya kulinda usawa wa mwili na kujenga nguvu. Ngoma huyakusanya hayo yote, lakini hesabu ni hesabu: somo la saa moja lina takribani dakika 35 za kucheza kwa bidii, kwa hiyo warsha ya mara moja kwa wiki peke yake haifikii hata nusu ya kiwango cha chini. Ndiyo maana kila somo linapaswa kumpa mzee kipande kifupi cha kucheza nyumbani.

Kuhusu akili, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na kuhusisha wazee 469 wa Bronx, New York, waliokuwa na umri wa zaidi ya miaka 75, ulionyesha kwamba miongoni mwa shughuli za mwili zilizochunguzwa, kucheza dansi ndiko kulikohusiana na uwezekano mdogo wa kupata ugonjwa wa kusahau. Kuhusiana si kusababisha. Huenda wenye akili timamu zaidi ndio walioendelea kucheza. Mwezeshaji mwaminifu hasemi kwamba ngoma huzuia ugonjwa huo. Anaweza kusema kwamba ngoma hudai kumbukumbu, umakini na mwendo kwa wakati mmoja, na kwamba watu huipenda kiasi cha kurudi, jambo ambalo mazoezi mengi ya kawaida hushindwa kulifanikisha.

Hatua ya kwanza: kuchagua ngoma

Ngoma inayofaa ina kifungu kifupi kinachojirudia, huweza kupunguzwa kasi bila kufa, na huipa mikono, mabega, macho na sauti kazi ya kweli. Zinazochezwa kwa duara zina faida ya pekee, kwa kuwa kila mtu humwona mwenzake na hakuna safu ya nyuma ya kuwafichia walioshindwa. Bon Odori ya Japani, ambayo watu huicheza wakilizunguka jukwaa la wanamuziki kwa hatua chache zinazorudiwarudiwa, ni mfano mzuri wa muundo huo.

Kuna pia ngoma ambazo zenyewe zina sura ya kuketi, na hizo ni hazina. Hula ya Hawaii ina aina zinazochezwa na mtu aliyeketi au kupiga magoti tangu zamani, ambapo mikono na kiwiliwili husimulia hadithi huku mchezaji mwenyewe akipiga chombo. Bharatanatyam ya kusini mwa India ina lugha pana ya ishara za vidole, macho na uso. Katika flamenco ya Uhispania, anayepiga makofi ya mahadhi anafanya ufundi unaojitegemea, na ukimpa mzee kazi hiyo umempa nafasi ya mwanamuziki. Mwezeshaji anayeanza na ngoma za namna hii hahitaji kuomba radhi kwa kuweka viti.

Tango ya Argentina hustahili kutajwa kwa sababu nyingine. Utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu wenye ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo, waliojifunza tango waliboresha usawa wa mwili, na sababu moja inayotajwa ni kwamba tango humlazimisha mtu kutembea kinyumenyume, kusimama ghafla na kuanza tena, mambo ambayo ugonjwa huo huyafanya kuwa magumu, huku akiwa ameshikwa na mwenziwe. Kikundi cha dansi cha Mark Morris Dance Group kilianza madarasa ya watu wenye Parkinson huko Brooklyn mwaka 2001, na mfano wake umeigwa katika nchi nyingi.

Si kila ngoma iingizwe ukumbini. Zipo za jando na unyago, za mazishi, za tiba na za ibada, ambazo wenyewe hawakubali zichezwe nje ya mahali pake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unaitambua jamii yenyewe kuwa ndiyo inayosema kipi ni urithi wake, na kanuni hiyo yatosha kumwongoza mwezeshaji: uliza wenye ngoma, na wakikataa, chagua nyingine bila kubishana.

Chanzo bora cha ngoma, hata hivyo, ni wazee wenyewe. Kumbukumbu za ujana hubaki imara kuliko za miaka iliyofuata, na wimbo ambao mtu aliucheza akiwa na miaka 18 mara nyingi huuamsha mwili kabla hajakumbuka jina lake. Waulize washiriki walicheza nini walipokuwa vijana. Mmoja akianza kuonyesha, mwezeshaji anyamaze na kufuata.

Hatua ya pili: kumjua kila mshiriki

Zungumza na kila mzee faraghani kwa dakika 10 hivi kabla ya siku ya kwanza. Usianze na magonjwa. Anza kwa kuuliza anapenda muziki gani, kisha uliza kama ameanguka katika miezi 12 iliyopita, kama hupata kizunguzungu anapoinuka, kama ana maumivu ya kifua, kama amefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti, na dawa anazotumia. Aliye na maumivu ya kifua, aliyezimia hivi karibuni au ambaye shinikizo lake la damu halijadhibitiwa anahitaji kwanza kauli ya daktari wake.

Kipimo kimoja rahisi husaidia. Mzee huketi kitini, huinuka, hutembea meta 3 kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kuketi, huku msaidizi akipima muda na mwingine akiwa karibu naye. Anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka, na ni busara acheze akiwa ameketi, au amesimama nyuma ya kiti alichokishika, hadi atakapoimarika. Asiyeweza kusimama hapimwi hivi. Mwulize tu mkono upi una nguvu zaidi na ni wapi anapoumia.

Baadhi ya hali zinadai uangalifu maalumu. Mwenye mifupa iliyopungua uimara asiiname mbele kwa kupinda mgongo wala asijipinde kwa nguvu kiunoni. Aliyebadilishiwa nyonga karibuni asikunje nyonga kupita nyuzi 90 wala kukunja nne, mpaka daktari wake amruhusu. Mwenye kisukari kilichopunguza hisia za nyayo asicheze pekupeku, hata kama ngoma yenyewe kwa asili huchezwa hivyo, kwa kuwa anaweza kujeruhiwa bila kujua. Aliyepatwa na kiharusi awekewe kiti mahali ambapo msaidizi atakaa upande wake dhaifu. Anayetumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo hawezi kupimwa bidii kwa kuhesabu mapigo hayo, na hapo hutumika kipimo cha maneno: kwa bidii ya kadiri, mtu huweza kuzungumza lakini pumzi haimtoshi kuimba. Kipimo hiki kina utani wake katika ngoma, ambamo kuimba ni sehemu ya mchezo. Suluhisho ni viitikio vifupi, na kuwaachia walioketi ubeti mrefu wakati waliosimama wanapoongeza mwendo.

Hatua ya tatu: ukumbi na vifaa

Tafuta chumba kisicho na ngazi, chenye mlango wa upana usiopungua sentimita 80 na choo cha karibu kinachoingilika kwa kiti cha magurudumu. Kiti hicho huhitaji duara la takribani meta 1.5 ili kigeuke, basi acha nafasi hiyo kati ya viti, nayo itawatosha pia wanaonyoosha mikono. Viti vya kuchezea viwe imara, visivyo na magurudumu, vyenye kimo cha sentimita 43 hadi 46, na bila mikono ili viwiko viwe huru; weka vichache vyenye mikono kwa wanaoihitaji kuinukia. Ondoa mikeka na nyaya sakafuni. Mwanga usitoke nyuma ya mwezeshaji, kwa kuwa utamgeuza kivuli mbele ya wenye macho dhaifu.

Mavazi ya ngoma huleta furaha na hatari pamoja. Sketi ndefu na mashuka yanayoburuta huwaangusha watu. Heshima ya vazi inaweza kubebwa na kitambaa mabegani, kilemba, kipepeo cha kujipepea au njuga za mkononi badala ya mguuni.

Hatua ya nne: kuitafsiri ngoma kwa kiti

Hii ndiyo kazi yenyewe, nayo hudai muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Chukua kifungu kimoja cha ngoma na ujiulize, kwa kila mwendo, unafanya nini katika ngoma, badala ya kuuliza unafanywa na kiungo gani. Kishindo cha mguu huweka mahadhi. Mzunguko hubadilisha mwelekeo na kumwonyesha mchezaji pande zote. Kuruka ni kilele cha nguvu, na kupiga magoti ni heshima. Ukishajua kazi ya mwendo, utapata kiungo kingine cha kuifanya.

Tuseme kifungu kina mapigo 16: hatua nne kulia, hatua nne kushoto, mzunguko mzima kwa mapigo manne, kisha kishindo, kishindo, kuruka, na kuinama kwa heshima. Kwa aliyeketi, hatua nne za kulia huwa visigino vinavyogusa sakafu upande wa kulia kwa zamu huku mabega yakifuata, na asiye na nguvu za miguu huhamisha uzito wa kiwiliwili upande huo. Mzunguko huwa mkono mmoja unaochora duara pana juu ya kichwa, macho yakiufuata mkono, kwa sababu ni macho yanayofanya mzunguko uonekane. Vishindo hupigwa kwa nyayo, au kwa viganja juu ya mapaja, au kwa fimbo ya kutembelea inayogongwa sakafuni, na fimbo hiyo, ambayo mzee alikuja nayo akiionea haya, inakuwa ala. Kuruka huwa visigino kuinuka na mikono kupaa kwa pamoja. Kuinama huwa kushusha kidevu na mkono kifuani, mgongo ukiwa umenyooka.

Jizoeze kifungu hicho ukiwa umeketi mpaka kikupendeze. Kama wewe mwenyewe unakiona kama maigizo ya ngoma, wazee pia watakiona hivyo. Baada ya hapo tengeneza sura mbili zaidi: ya aliyesimama akishika kiti, ambaye hatua zake ni fupi na mzunguko wake ni robo kwenda na robo kurudi, na ya aliyesimama huru. Sura hizi tatu lazima zianze na kuisha kwenye pigo lilelile, ili duara lote libaki ngoma moja, na mtu aweze kuhama kutoka sura moja kwenda nyingine katikati ya wimbo bila kutangaziwa.

Anayetilia shaka uzito wa mchezo wa kitini na amkumbuke Kazuo Ohno, mchezaji wa butoh, aina ya dansi ya Japani, aliyezaliwa mwaka 1906, ambaye aliendelea kucheza mbele ya hadhira akiwa na zaidi ya miaka 90, na miguu ilipomkatalia alicheza kwa mikono.

Hatua ya tano: saa moja ya somo

Dakika 10 hadi 12 za kwanza ni za kupasha mwili joto, wote wakiwa wameketi, mwezeshaji akiwemo. Anza na pumzi na mabega, halafu viganja, viwiko, vifundo vya miguu na magoti, ukitumia wimbo wa somo lenyewe kwa mwendo wa taratibu ili masikio yajifunze kabla ya miguu. Kisha simulia kwa ufupi ngoma ilitoka wapi, ilichezwa lini na kina nani, na mwache mzee anayeijua akusahihishe.

Fundisha kifungu kwa dakika 15, sehemu moja moja, kwa maneno ya picha badala ya hesabu. “Chota maji, mwaga, futa jasho” hukaa kichwani kuliko “moja, mbili, tatu”, hasa kwa wenye shida ya kumbukumbu. Wenye shida hiyo usiwaulize kama wanakumbuka somo lililopita. Anza tu wimbo uleule kila wiki, na mwili utakumbuka kadiri uwezavyo. Baada ya hapo weka mapumziko ya dakika 5 ya maji na choo, ambayo hayapaswi kurukwa hata kama kundi limechangamka.

Dakika 15 hadi 20 zinazofuata ni za kucheza mfululizo, mwezeshaji akipunguza maneno na kuongeza macho. Panga kilele kimoja tu; ngoma ikilia sana hupasuka. Dakika 5 hadi 10 za mwisho ni za kuupoza mwili polepole, kwa kuwa anayesimama ghafla baada ya kucheza, hasa akiwa anatumia dawa za shinikizo la damu, anaweza kuona kiza. Waambie wakae kidogo, wachezeshe vifundo vya miguu, ndipo wainuke.

Muziki na sauti

Mpigangoma wa kweli ana faida kubwa kuliko rekodi, kwa kuwa humtazama mchezaji wa polepole zaidi na kumsubiri. Mwanzoni mapigo 80 hadi 100 kwa dakika hutosha watu wengi, na kasi huongezwa baada ya wiki kadhaa. Ikibidi kutumia rekodi, tumia programu inayopunguza kasi bila kuifanya sauti ya waimbaji kuwa nzito. Upungufu wa kusikia wa uzeeni huanza na sauti nyembamba, hivyo ngoma nzito inayotetemesha sakafu ya mbao huwafikia wengi ambao maneno yako hayawafikii. Usizungumze muziki ukiendelea. Simama uonekane midomo, sema sentensi fupi, kisha onyesha.

Wasaidizi, na siku mtu anapoanguka

Kundi la wazee 12 lenye uwezo tofauti linahitaji, kwa maoni yangu, wasaidizi wawili wanaojua sura zote tatu za ngoma. Kazi yao si kuwashika wazee mikono na kuwachezesha. Msaidizi hukaa, hucheza, na huomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu. Washiriki waitwe kwa majina au kwa vyeo vya heshima wanavyovitaka wenyewe, na sauti ya kuwabembeleza kama watoto ikomeshwe siku ya kwanza.

Mtu akianguka, usimwinue. Simamisha muziki, mwulize anaumia wapi, na mwache atulie alipo. Akiwa na maumivu makali, amegonga kichwa, au hawezi kusogeza mguu, mfunike, mkae naye na mwite huduma ya dharura. Akiwa mzima, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti kilichowekwa mbele yake, kingine kiletwe nyuma yake, na ainuke kwa nguvu zake. Mchezaji akipata maumivu ya kifua, akikosa pumzi, au uso wake ukilegea upande mmoja, mkono ukidhoofika au usemi ukivurugika ghafla, wito wa dharura hutangulia kila kitu. Na uandike saa dalili zilipoanza, kwa kuwa matibabu ya kiharusi hutegemea saa hiyo.

Mpangilio wa wiki nane

Wiki mbili za kwanza zitoshe kifungu kimoja. Kuanzia ya tatu ongeza cha pili, na katika ya tano mpe mzee mmoja kazi ya kuongoza kupasha mwili joto. Wiki ya sita acha kundi lichague litakavyopangika, nani aanzishe wimbo, nani apige ala. Onyesho la mwisho ni la hiari; wapo wanaolisubiri kwa hamu, na wapo ambao hadhira huwafukuza, kwa hiyo njia ya kati ni kuwaalika jamaa waje kucheza ndani ya duara badala ya kutazama. Picha na video zichukuliwe kwa ruhusa ya kila mmoja, na ya wenye ngoma pia.

Katika wiki ya nane rudia kipimo cha meta 3, ukikitendea kama dokezo tu, kisha keti na washiriki na uulize maswali mawili: ni mwendo upi uliwashinda, na ni ngoma ipi yao ambayo haijachezwa bado. Majibu ya swali la kwanza yanakurudisha kwenye hatua ya nne. La pili linakupa somo la kwanza la msimu unaofuata, na mwalimu wake atakuwa yule aliyelijibu.